Tiba ya Mionzi kwa Wake Zetu: Je, ni Moto Uliokatazwa?

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeyaumba maradhi akaziumba na dawa zake, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya haya.

Enyi ndugu zetu wa Garissa, na nyinyi wa Wajir na Mandera mnaosomewa waraka huu!

Ijumaa moja usiku, darsa ilipokwisha na watu wakatawanyika, alibaki ndugu mmoja amekaa karibu na mlango, asiinuke. Tulipomkaribia alisema kwa sauti ya chini kuwa mkewe ana saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari wamemwandikia siku ishirini na tano za tiba ya mionzi, naye amekwisha timiza siku tisa. Walakini nyumba imejaa maneno. Mzee mmoja wa ukoo amesema kuwa mionzi ni moto, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amewakataza umati wake kujitibu kwa moto. Kina mama nao wamesema ni aibu mwanamke wa heshima kulazwa mbele ya wanaume wageni, na kwamba yampasa arudi kwao akasomewe na achomwe tumbo kwa chuma kama walivyofanya wazee. Yule ndugu akauliza: "Jumatatu arudi hospitali, au asirudi?"

Tulimjibu usiku ule ule, kwa sababu jambo halikuwa la kungojea. Na kwa kuwa twajua nyumba yake si nyumba pekee yenye maneno hayo, tumeona ni wajibu jibu letu tuliandike, huenda Mungu akamnufaisha nalo mwengine.

Kwanza. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi mwenye kusema "haramu" juu ya mionzi, na hali hajui mionzi ni nini, amehukumu gizani. Natuyatazame maradhi, kisha tuitazame tiba.

Saratani kwa Kiarabu ni jina la kaa wa baharini, na Ibn Sina aliyataja maradhi haya kwa jina hilo katika kitabu chake cha Qanun, yapata miaka elfu moja iliyopita. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Kila chembe huzaa mfano wake kwa kiasi, kisha hufa ikapisha nyengine. Chembe za saratani zimeuasi mpango huo: huzaa bila ya kiasi, wala hazifi kwa wakati wake, mpaka zikawa uvimbe, na uvimbe ukaingia katika viungo vilivyo karibu. Katika Kenya, saratani mbili zinazowapata wanawake wengi zaidi ni ya titi na ya mlango wa kizazi.

Ama mionzi, mlango wake ulifunguliwa mwaka 1895 na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani, na mwaka 1898 mwanamke aitwaye Marie Curie pamoja na mumewe Pierre wakaivumbua radiamu, ambayo baadaye matabibu waliitumia kuitibu hiyo hiyo saratani ya mlango wa kizazi. Mashine nyingi za siku hizi huitoa mionzi kwa nguvu za umeme. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, mashine ikaelekezwa pale palipo na uvimbe, na kazi yote ni dakika chache. Hasikii maumivu wala joto. Mionzi hiyo hupita ndani ya mwili na kuiharibu asili ya chembe, hata isiweze kuzaa tena. Chembe nzima nazo hudhurika kidogo, lakini Mola wetu amezipa uwezo wa kujitengeneza baina ya siku na siku, uwezo ambao chembe za saratani wanao pungufu. Hii ndiyo sababu tiba haitolewi kwa siku moja, bali hugawiwa vipande vidogo vidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki. Na mashine ikisha zimwa, hakuna mionzi iliyobaki ndani ya mgonjwa. Hurudi nyumbani akampakata mwanawe na akala na jamaa zake, wala hapana wa kudhurika kwa kumkaribia.

Sasa tuulize: uko wapi moto katika haya? Moto ni huu tuujuao, uunguzao ngozi na ukaacha kovu. Kweli, ngozi ya mgonjwa huweza kugeuka rangi na kuwasha kadiri siku zinavyopita, lakini jua nalo hufanya hivyo, wala hapana aliyesema kuwa kukaa juani ni kujitibu kwa moto.

Tena hata hiyo hadithi yenyewe haikufahamiwa sawa. Ni kweli kuwa Mtume aliitaja asali, na kuumika, na kuchoma kwa moto kuwa ni njia za kupoa, kisha akauzuia umati wake na kuchoma. Lakini huyo huyo Mtume alimchoma Saad bin Muadh kwa mkono wake alipojeruhiwa mshipani, na akampelekea Ubayy bin Kaab tabibu aliyemkata mshipa na kumchoma. Kwa sababu hii wanavyuoni wengi wamesema kuwa kuzuia kule ni kwa kuchukiza pasipo na haja, si kwa kuharimisha penye haja. Basi ikiwa moto wa kweli umeruhusiwa kwa dharura, vipi kitakatazwa kitu ambacho si moto kabisa?

Na lililotushangaza zaidi ni kuwa mzee aliyeikataza mionzi kwa hoja ya moto, ndiye aliyemwita mwenye chuma chekundu amchome yule mgonjwa tumboni! Enyi ndugu! Hii ni dini, au ni mazoea tuliyoyavisha kanzu ya dini? Chuma kile hakifiki ulipo uvimbe. Humwongezea mgonjwa kidonda juu ya maradhi, na humpotezea siku, na siku kwa mwenye saratani ni mali isiyorudi.

Wako wanaosema: "Sisi tumetawakali kwa Mungu." Nao wasikilize. Walimwendea Mtume mabedui, watu wa ngamia na mbuzi kama watu wetu hawa, wakamuuliza kama wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, na akawaambia kuwa Mwenyiezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kwa kutawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali. Nani katika sisi humwacha ngamia wake usiku bila kamba? Je! Mke amekuwa duni kuliko ngamia? Kusomewa Kurani ni kheri na ni baraka, nasi twahimiza. Lakini anayesoma na asome kando ya kitanda cha hospitali, asikifanye kisomo kuwa ni kizuizi cha dawa.

Pili, khabari ya aibu. Haya ni katika imani, wala hatumwambii mwanamke aivue. Lakini haya ya kisheria ni ile imzuiayo mtu na uovu. Ama ile imzuiayo na kuuliza na kujitibu, hiyo ni unyonge. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume mwenyewe akamweleza kuwa damu yake haikatiki, naye akamfahamisha kuwa ile si hedhi, bali ni damu ya mshipa, na akamfundisha afanyeje katika sala yake. Hakumkemea. Hakumwambia kuwa mambo hayo hayasemwi. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Sikilizeni basi, enyi mama zetu na dada zetu, na nyinyi waume mliowaoa! Damu itokayo si wakati wa hedhi. Damu baada ya mume na mke kukutana. Damu ya mwanamke mzima aliyekwisha koma hedhi. Uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu ya nyonga yasiyokwisha. Na katika titi, uvimbe mgumu, au ngozi iliyojikunja, au chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu: haya yote si ya kufichwa chini ya shuka. Pengine si saratani, na mara nyingi huwa si hiyo. Lakini ajuaye ni aliyepima. Na kwa mlango wa kizazi kuna kupima hata kabla ya dalili yoyote kutokea: mkunga au muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, na penye chembe zilizoharibika pakageuka peupe. Kazi ya dakika chache tu, nayo huweza kuugundua ubaya miaka kadhaa kabla haujawa saratani.

Ama kuonwa na mwanamume, sheria imekwisha lieleza. Imamu Bukhari aliweka mlango mzima katika kitabu chake, akiuliza kama mwanamume amtibu mwanamke na mwanamke amtibu mwanamume, akaleta humo khabari ya Rubayyi binti Muawwidh, aliyesimulia kuwa wanawake walitoka pamoja na Mtume vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwauguza majeruhi. Akipatikana mwanamke mjuzi, yeye ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, dharura huhalalisha daktari mwanamume aliye mwaminifu, kwa kiasi cha haja, na awepo mtu pamoja nao. Na katika chumba cha mionzi, mashine inapofanya kazi, mgonjwa huwa peke yake. Wahudumu wote hutoka nje ya kuta nene wakamtazama kwa kioo cha kamera. Alama ndogo za wino zitiwazo juu ya ngozi ili mashine isikose mahala pake, hata zikiwa za kudumu, si ule mchoro wa kujipamba uliolaaniwa. Hizo ni katika tiba, na matendo huhukumiwa kwa makusudio yake.

Tatu, twawaonya waume na majirani juu ya ulimi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi kiitwacho HPV, kipatikanacho kwa kukutana mume na mke. Mwanachuoni wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua hilo. Wasiojua wakisikia haya husema: "Basi huyu mwanamke alizini." Najilinda kwa Mungu! Kirusi hiki kimeenea mno kwa watu wote, na mwanamke aliyejihifadhi, asiyemjua ila mumewe wa halali, huweza kukipata kwa mumewe huyo huyo, naye mume asijue kuwa anacho, kwani hukaa miaka mingi bila ya dalili. Kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi ni katika madhambi makubwa yanayoangamiza. Na ipo chanjo yake, ambayo serikali ya Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka kumi mwezi wa Oktoba mwaka 2019. Mwenye binti na asiiogope.

Nne, ni lazima tuseme ukweli juu ya mila. Katika nchi yetu hii mabinti wengi wamekatwa na kushonwa kwa ile tohara ambayo Wasomali wenyewe huiita ya Firauni. Jina lenyewe latosha kumjulisha mtu kuwa haikutoka kwa Muhammad! Sheria ya Kenya imeipiga marufuku tangu mwaka 2011. Na katika madhara yake limo hili: mwanamke aliyeshonwa hupimwa kwa taabu na maumivu, na ile tiba ya mionzi itiwayo kwa ndani, ambayo ni sehemu kubwa ya kuponya mlango wa kizazi, huwa nzito kwake. Tumemfungia mlango wa maradhi kuonekana, kisha maradhi yakisha komaa twasema ni kadari.

Tano, na hili ndilo la yule ndugu hasa: aliyeanza na amalize. Matabibu wamepima wakaona kuwa tiba ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani pamoja, yafaa imalizike katika muda wa wiki nane, na kwamba kila inapokokotwa kupita hapo, matumaini hupungua. Kuacha katikati ni kuzipa chembe zilizobaki nafasi ya kuzaa upya. Mkulima wa kando ya Tana aliyeng'oa nusu ya magugu akaenda zake, amefanya nini? Kweli iko taabu: uchovu, kuharisha, kukosa hamu ya chakula, na mionzi ya nyonga humkatia uzazi mwanamke ambaye bado alikuwa akizaa. Mambo haya yafaa aelezwe kabla, si afichwe. Lakini nyingi katika taabu hizo hutibika, na aliyewahi mapema hupona kwa idadi kubwa. Na hata aliyechelewa, mionzi humkatia damu na kumpunguzia maumivu, na kumwondolea mja maumivu ni ibada. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, tiba isikatizwe. Mionzi si chakula wala si kinywaji, na aliyedhoofika, Mola wake amekwisha mruhusu kufungua.

Sita, tuizingatie neema hii iliyotufikia. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilianza tiba ya mionzi mwaka 1968, na kwa miongo mingi mgonjwa maskini wa Garissa hakuwa na pa kwenda ila Nairobi, yapata kilomita 370, na wa Wajir na Mandera ni mbali zaidi. Wangapi walikwenda mara moja wasirudi tena, kwa nauli, kwa kukosa pa kulala, kwa lugha? Mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 kikafunguliwa kituo cha saratani katika hospitali kuu ya Garissa, kimoja katika vituo vitatu vya mikoa pamoja na Mombasa na Nakuru. Na neema isiyoshukuriwa huondoka. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na mashine moja tu ya mionzi nchi nzima, pale Mulago. Ilipokufa mwaka 2016, ilibidi wangoje mpaka mwanzo wa 2018 kupata nyengine, na wagonjwa wakahangaika. Kushukuru kwetu ni kuitumia, na kuwadai wakubwa waitunze na waiwekee mafundi.

Kisha kuna yaliyo juu yetu sisi wenyewe. Mwanamke atokaye Mandera au kambi za Dadaab, akiambiwa siku ishirini na tano, atalala wapi wiki tano? Twajenga misikiti karibu karibu, hata adhana zikagongana, na hilo ni jema. Lakini je, hatuwezi kuweka wakfu nyumba moja karibu na hospitali, yenye vyumba vya wanawake, jiko na maji, wakakaa humo mpaka wamalize? Mwenye lori na atoe safari moja. Mwenye duka na atoe unga na maziwa. Na kila mwenye nyumba na aandikishe jamaa yake katika bima ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, asingoje mpaka maradhi yagonge.

Na nyinyi mnaolalamika kuwa wake zenu huonwa na madaktari wanaume, mabinti zenu wako wapi? Mmewatoa shule wakiwa na miaka kumi na nne mkawaoza, kisha mwadai daktari mwanamke! Atashuka kutoka mbinguni? Kuwapo kwa matabibu wanawake ni faradhi ya kutoshelezana. Wakikosekana, dhambi ni yetu sote. Basi msomeshe binti awe daktari, awe muuguzi, awe mwendeshaji wa hiyo mashine, ili kesho mama yake asilale kwa hofu mbele ya mgeni.

Turudi kwa yule ndugu. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza neno moja tu: "Na nikimrudisha, naye akafa?"

Tukamwambia: Ndugu yetu, ajali yake iko kwa Mola wake, haisogezwi na hospitali wala na mzee wa ukoo. Wewe hutaulizwa kwa nini alikufa. Utaulizwa mlango wa kupona ulipokuwa wazi, ni nani aliyeufunga. Mpeleke, ukae naye, umshike mkono mpaka mlangoni pa chumba, umwombee anapokuwa ndani, umpokee akitoka. Akipona, mshukuru Mungu. Na akichukuliwa, atachukuliwa akijua kuwa mumewe hakumwacha.

Jumatatu alimpeleka. Tunapoandika maneno haya amekwisha timiza siku kumi na nne, na zimebaki kumi na moja. Tumwombee, na tuwaombee wote walio katika hali yake, walio hospitali na waliofichwa majumbani.

Ewe Mola! Waponye wagonjwa wetu, wape subira wake zetu, tupe sisi wanaume akili ya kutowafungia mlango ulioufungua Wewe. Amin.